Mwenye koleo chini ya chungu cha maua: kumuua au kumwacha?

Swali lililonifikia, kwa ufupi, ni hili: "Nilikuwa nahamisha vyungu vya maua kabla baridi haijakaza. Chini ya kimoja nikakuta mdudu wa kahawia, mwembamba, mwenye koleo mkiani, amelalia rundo la vijiyai vyeupe. Hakukimbia. Majira ya joto yaliyopita petali za dalia zangu zilitobolewa usiku, na nilipomulika kwa tochi nikawakuta hawahawa juu ya maua. Mama mkwe anasema huingia masikioni mwa mtu aliyelala na kutaga humo. Nimenunua dawa ya kunyunyizia lakini nasita. Ni mdudu gani huyu, ana madhara gani, na nifanye nini?"

Dada yangu, umefanya vyema kusita. Iache hiyo dawa kabatini kwanza, tuzungumze.

Nianze na la sikio, maana ndilo linalokunyima usingizi na ndilo lenye jibu fupi. Hatagi sikioni. Mayai yake yanataka udongo wenye unyevunyevu na mama wa kukaa nayo wiki nyingi bila kusumbuliwa, mambo ambayo sikio la mtu haliwezi kuyatoa. Wala hatoboi ngoma ya sikio akaelekea kwenye ubongo, ingawa huko Ulaya hadithi hiyo imesimuliwa kwa karne nyingi. Mdudu yeyote mdogo anayetembea usiku na kupenda nyufa anaweza kwa bahati mbaya kujikuta sikioni, lakini madaktari wanaotoa wadudu masikioni mwa watu hukutana zaidi na mende. Likikutokea kwa mdudu yeyote yule, usichokonoe kwa kijiti wala pamba. Mlaze mtu sikio likitazama juu, na kama unajua ngoma yake haina tundu, dondoshea mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu ili mdudu afe na aache kufurukuta, kisha nendeni kituo cha afya akatolewe. Mama mkwe mweleze kwa heshima zote. Hofu hiyo aliikuta duniani, hakuitunga yeye.

Koleo nalo linatisha kuliko linavyoweza. Halina sumu wala mwiba. Dume mkubwa ukimbana kati ya vidole atageuza mkia akufinye, utashtuka, pengine ubaki na alama nyekundu kidogo, basi. Silaha yake ya kweli huwa watu hawaioni: mgongoni, kwenye pingili ya tatu na ya nne ya tumbo, ana vitezi vinavyotoa majimaji yenye kemikali za jamii ya kwinoni. Ndiyo ile harufu kali inayong'ang'ania vidoleni ukimshika. Humkinaisha chura au ndege aliyekuwa anataka kumla, na pia huua vijidudu vya magonjwa, jambo la maana kwa kiumbe anayeishi kwenye shimo lenye unyevu na majani yaliyooza. Nawa mikono kwa sabuni, yamekwisha.

Sasa jina. Kwa maelezo yako huyu ni Forficula auricularia, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758. Mimi hapa nitamwita mdudu koleo ili tusichoshane. Ni mmoja wa spishi kama 2,000 za oda, yaani kundi kubwa la wadudu, iitwayo Dermaptera, na ndiye anayejulikana kuliko wote kwa sababu amejizoesha kuishi karibu na watu. Asili yake ni Ulaya, Asia ya magharibi na kaskazini mwa Afrika. Kwa kuwa hujibanza kwenye mizigo, miche na udongo wa mimea, alisafiri na meli: mwaka 1907 alikuwa ameshaonekana Seattle, Marekani, na leo yuko Australia, New Zealand, hata visiwa vya Falkland, ambako alizaliana hadi kuwa kero kwenye bustani za mboga. Wachunguzi wa vinasaba wameonyesha kwamba tuliyekuwa tukimwita kwa jina moja ni spishi kadhaa zinazofanana kwa sura. Tofauti yao unaweza kuiona kwenye uzazi, kwa sababu kuna wanaotaga mara moja tu kwa mwaka na wengine mara mbili. Kwa bustani yako maana yake ni kwamba usishangae ukiona kizazi cha pili wakati jirani yako anasema kwake hakuna.

Mchunguze kwa karibu siku ukimpata kwenye kopo la kioo. Urefu wake, bila koleo, ni milimita 10 hadi 16. Miguu ni ya manjano iliyofifia, kichwa chekundu-kahawia, vipapasio virefu vyenye pingili zinazoonekana wazi kwa kioo cha kukuzia. Hesabu pingili hizo, utajua umri wake. Mtoto aliyetoka yaini ana 8, akijivua ngozi mara ya kwanza anakuwa na 10, kisha 11, kisha 12, na mtu mzima ana 14. Hapiti hatua ya buu wala pupa kama kipepeo. Watoto, yaani tunutu, wana sura ya wazazi wao tangu mwanzo, ila koleo lao ni jembamba na lililonyooka na mabawa hayajaota. Ukimkuta mmoja mweupe kabisa mwenye macho meusi, hiyo si spishi nyingine. Ametoka kujivua ngozi muda si mrefu, na baada ya saa chache atakuwa kahawia.

Dume na jike hutofautishwa kwa koleo. La dume ni nene kwenye shina, lina meno upande wa ndani, na limepinda kwa nje hadi linaacha uwazi katikati. La jike ni jembamba, karibu kunyooka, ncha zake zikikaribiana au kupishana. Ukitaka uhakika hesabu pingili za tumbo zinazoonekana juu: dume 10, jike 8. Yule wako chini ya chungu sina haja ya kumhesabu. Aliyelalia mayai ni jike, hakuna dume anayefanya kazi hiyo.

Madume wenyewe hawalingani. Mwaka 1892 wanabiolojia wa Uingereza, William Bateson na H. H. Brindley, walichapisha vipimo vya madume waliokusanywa visiwa vya Farne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakaonyesha kwamba yako makundi mawili, wenye koleo fupi na wenye koleo refu sana, na wa katikati ni wachache. Jambo hilo limewashughulisha wanabiolojia hadi leo. Mlo wa utotoni una sehemu yake, kwani tunutu aliyeshiba akafikia umbo kubwa ndiye mwenye uwezekano wa kuota koleo refu. Visiwa vilipolinganishwa, ilionekana pia kwamba penye msongamano mkubwa wa wadudu ndipo wenye koleo refu walipo wengi. Koleo refu hutumika kumsukuma na kumfinya dume mwenzake pale jike anapogombewa. Jike kwa upande wake hulitumia lake kulinda shimo, na wote wawili hulitumia kumshikilia mdudu wanayemla.

Na anayo mabawa! Watu wengi wamemwona miaka na miaka bila kulijua hilo, kwa sababu haruki ovyo. Nyuma ya kichwa kuna vipande viwili vifupi, vigumu, vya rangi ya ngozi. Hayo ni mabawa ya mbele, na kazi yake ni kufunika tu. Chini yake yamekunjwa mabawa ya nyuma, membamba na angavu, ambayo yakifunguka huwa makubwa zaidi ya mara kumi ya yalivyokuwa yamekunjwa. Hukunjwa kwanza kwa mikunjo inayotoka sehemu moja kama ya mwavuli, kisha hupindwa tena kwa upana, mara mbili, mpaka yaingie chini ya kifuniko. Mwaka 2018 wahandisi wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu bawa hilo. Hesabu za kawaida za kukunja karatasi hazikuweza kulieleza, kwa sababu mikunjo yake ina protini inayonyumbuka, resilini, na hivyo kila mkunjo unafanya kazi ya bawaba na ya springi kwa wakati mmoja. Katikati ya bawa kuna kiungo kinacholifanya likae imara likiwa wazi bila msuli kulishikilia, na likiguswa kidogo tu hujikunja lenyewe. Waliiga mpangilio huo kutengeneza vifaa vinavyofunguka na kujifunga. Mdudu mwenyewe hana haraka ya kuruka. Anatembea vizuri, na akiwa na safari ndefu hungoja kubebwa na watu.

Turudi chini ya chungu, kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote uliyoyaona.

Majira ya majani kupukutika, dume na jike huishi pamoja kwenye kishimo ndani ya udongo, chini ya jiwe, gogo, au, kwa hali yako, chungu. Walikwisha kupandana kabla, wakigeuziana mikia, na jike anayo mbegu ya kiume kwenye kifuko chake, hukaa humo miezi kadhaa ikiwa hai. Karibu na kutaga humfukuza dume. Madume wengi hawauoni mwisho wa baridi. Kisha jike hutaga mayai 20 hadi 60 hivi, meupe, yanayong'aa, ya mviringo, kila moja kama milimita moja, akayarundika mahali pamoja na kuyalalia.

Wadudu walio wengi wakishataga huondoka zao. Huyu hukaa. Kutegemea baridi ilivyo, mayai ya majira hayo huchukua wiki kadhaa, mara nyingine zaidi ya miezi miwili, na katika muda wote huo mama huwa hali. Hulichukua yai moja moja kwa mdomo, akaligeuza, akalilamba pande zote, akalirudisha, akachukua jingine. Kulamba huko huondoa mbegu za ukungu, ambao ndio adui mkubwa wa mayai kwenye udongo wenye unyevu. Ukiyatoa mayai kwa mama na kuyaweka peke yake kwenye udongo huohuo, ukungu huyafunika na mengi hufa. Wakati wa kulamba huyapaka pia tabaka jembamba la nta yake mwenyewe linalozuia yasikauke. Udongo ukizidi maji huyahamisha, ukikauka huyashusha. Yaliyoharibika huyala.

Charles De Geer, bwana mmoja wa Sweden aliyeandika juu ya wadudu katika karne ya 18, alimweka mmoja kwenye kisanduku chenye udongo na kuyatawanya mayai yake makusudi. Mama aliyakusanya, moja baada ya jingine, akayarundika tena na kuyalalia. Wewe ulipoinua chungu naye hakukimbia, ulikutana na jambo lilelile alilokutana nalo De Geer. Mdudu huyo siku nyingine mwanga ukimgusa tu hutoroka. Akiwa na mayai hubaki na kuinua koleo.

Yakianguliwa, watoto hutoka wakiwa karibu weupe. Sasa mama hufungua shimo usiku, hutoka kutafuta chakula, hurudi na hukitapika mdomoni mwa watoto au kuwaletea vipande. Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umefichua mambo. Ngozi za watoto zina kemikali zinazomwambia mama hali yao. Mama aliyenusishwa harufu ya watoto walioshiba alitoka zaidi kutafuta chakula na kulisha zaidi. Aliyenusishwa ya watoto wenye njaa alipunguza bidii. Mtu angedhani ingekuwa kinyume, kwamba mwenye njaa ndiye apewe. Lakini kwa mama aliyemaliza baridi nzima bila kula, na ambaye pengine ana mzao wa pili mbele yake, kuwekeza kwa wenye dalili ya kuishi kuna hesabu yake, ingawa inatutia uchungu kidogo sisi kuisikia. Watoto nao hulishana wao kwa wao, hasa mama akiwa mzembe. Wakati huohuo chakula kikiadimika huweza kulana. Familia hii ina upendo na ukatili kwenye shimo moja, na sioni sababu ya kuuficha upande wowote.

Mama akifa mapema, mwili wake huliwa. Huko Japani yuko ndugu yake, Anechura harmandi, ambaye kwake hilo ndilo kawaida: watoto humla mama akiwa hai, kisha hutawanyika. Wa kwako hana desturi hiyo.

Watoto hukaa na mama wiki chache. Wakishajivua ngozi mara ya kwanza huanza kutoka usiku wenyewe na kurudi alfajiri, halafu siku moja hawarudi. Kutoka hapo hadi utu uzima ni mwezi mmoja na nusu au miwili, kutegemea joto, na maisha yote kwa kawaida hayapiti sana mwaka mmoja.

Kwa hiyo dalia zako? Ndiyo, kesi hiyo ni yao, sitawatetea kwa uongo. Mdudu koleo hula karibu kila kitu: ukungu, mwani, kuvumwani juu ya magome, chavua, majani yaliyokufa, wadudu waliokufa, na wadudu wazima. Petali laini za dalia na krisantemumu anazipenda. Ila lawama au sifa zake hutegemea ni mwezi gani na yuko juu ya mmea gani, na hapo ndipo watu wengi hukosea wanapouliza kama ni rafiki au adui.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, tunutu wanapoanza kutembea, miche michanga ya mboga ndiyo iliyo hatarini. Kitanda cha saladi kilichoota jana kinaweza kufyekwa. Baadaye kidogo, wakipanda miti, mambo yanageuka. Kwenye miti ya tofaa kuna vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wanaojifunika nta nyeupe inayofanana na pamba, Eriosoma lanigerum, ambao wadudu wengi hawawataki kwa sababu ya nta hiyo. Mdudu koleo huwala usiku kucha. Kwenye miti ya peasi hula wadudu wadogo wafyonzaji wa jamii ya psila. Wenye mashamba ya matunda Ulaya na Australia huwafungia wadudu koleo mikunjo ya karatasi ngumu ya boksi kwenye mashina makusudi, wapate pa kulala mchana wasihame. Huko Brazili jamaa yake mwingine, Doru luteipes, hula mayai na viwavi wachanga wa viwavijeshi wanaoshambulia mahindi. Lakini huyuhuyu wako ukimpeleka kwenye stroberi, pichi au aprikoti zilizoiva, atatoboa na kuingia ndani. Na kwenye mahindi hutafuna zile nywele za mhindi unaobeba mbegu, punje zisikamilike. Mwisho wa majira ya joto, vidukari wakipungua na maua yakichanua, zamu ya dalia inafika.

Kabla hujamhukumu hakikisha alama ni zake. Konokono wasio na gamba huacha njia ya ute unaong'aa. Viwavi huacha vinyesi vya punje nyeusi karibu na shimo walilokula. Mdudu koleo huacha mashimo yenye kingo zilizochanika kwenye petali na majani laini, bila ute, na ukitikisa ua asubuhi huenda akadondoka kutoka katikati yake. Kwenye tunda ni vigumu zaidi, kwa sababu mara nyingi shimo limetobolewa na ndege au nyigu naye akaingia kulala na kumalizia. Tochi saa mbili au tatu baada ya giza kuingia ndiyo shahidi wa kweli, nawe umeshaitumia.

Dawa uliyonunua haitakusaidia kwa sasa. Wakati huu walioko wako ndani ya udongo, wamefunga shimo. Ukinyunyizia majani unawakosa kabisa. Ukiinyunyizia majira ya joto utawaua, sawa, pamoja na mbawakawa wadogo wenye madoa wanaokula vidukari, buibui na mbawakawa wa ardhini, kisha vidukari watarudi mbio kuliko maadui zao, maana huzaliana kwa kasi ya kutisha. Nimeona bustani zilizonyunyiziwa zikaishia na vidukari wengi kuliko mwanzo, na mwenyewe akanunua chupa nyingine.

Mtindo unaofaa unatumia tabia zake mwenyewe. Mdudu koleo anapenda mwili wake uguswe juu na chini. Akikuta mwanya unaombana, anatulia. Pia hutoa harufu inayowaita wenzake, kwa hiyo anapolala mmoja kesho watalala kumi. Dalia zako zikianza kutoa vichipukizi vya maua, chomeka kijiti karibu na shina, juu yake ufunike kichungu kidogo kilichojazwa nyasi kavu. Kila asubuhi kitwae, ukikung'ute. Ukiwa na mti wa matunda wenye vidukari, wakung'utie chini yake. Ndiko kuna kazi inayowangoja. Kama ni wengi mno na huna mti, wakung'utie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kopo fupi lenye mafuta ya kupikia kidogo ndani, lililofukiwa hadi ukingo wake ulingane na udongo, nalo huwanasa vizuri. Usiruke siku, maana mtego usiokung'utwa ni nyumba ya bure unayowajengea.

Kwa miche, mwagilia asubuhi badala ya jioni ili uso wa udongo uwe mkavu usiku, na usitandaze matandazo karibu na shina mpaka mche uwe na nguvu. Mbao, mawe na vyungu vitupu vilivyorundikwa kando ya kitalu ndivyo mabweni yao, viondoe.

Wakiingia ndani ya nyumba, kwa kawaida ni kiangazi kikiwa kikali wakitafuta unyevu, au baridi ikianza. Hawazaliani humo, hawali nguo wala mbao, na hewa kavu huwaua. Wafagie nje, ziba uwazi chini ya mlango, na taa ya nje izime usiku kwani huvutia wadudu wanaoliwa nao.

Wanaompunguza bila wewe kujua ni wengi: ndege, vyura, kalunguyeye, tandu, buibui. Kuna hata nzi, Triarthria setipennis, ambaye mabuu yake hukulia ndani ya mwili wa mdudu koleo hadi kumuua; alipelekwa Amerika Kaskazini kwa kusudi hilo. Kwa hiyo usipige hesabu kwamba mayai 40 ni wadudu 40 juu ya dalia. Wengi hawafiki.

Na chungu chenyewe: kama kinaweza kubaki pale hadi majira ya kuchipua, kirudishe taratibu palepale na usikiinue tena kuchungulia, kwa sababu mama akisumbuliwa mara kwa mara huweza kuyala mayai yake. Kama ni lazima kihame, chimba kijishimo kifupi mahali penye kivuli, mbali na kitalu cha miche na karibu na mti wa matunda ukiwa nao. Chota mama, mayai na udongo wake kwa mwiko wa bustani, kwa mkupuo mmoja, uweke humo na kufunika kwa kigae au jiwe bapa. Mayai yakitawanyika njiani usihangaike kuyapanga. Yaache karibu naye.